Ndege wa Kwa Kogo Tecla

—Kipruto, kwenu ni nyuki ama ni ndege?

Kikombe cha chai kilikuwa kimefika mdomoni mwake. Akakirudisha mezani bila kunywa. Tulikuwa kwa hoteli ndogo hapa Sotik, mkabala na duka ninalouzia dawa za ng'ombe. Nilikuwa nimelifunga saa sita mchana, siku ya soko, kwa hasira tu.

—Ndege gani sasa, Chemu?

—Huyu.

Nikamgeuzia simu. Picha ya ndege mweusi, amelowa mvua, amekaa juu ya mti wa boma. Chini yake mtu ameandika: "Ndege wa ukoo wetu, Siongiroi. Naomba jina lake."

—Akaunti mpya, jina la uongo, lakini hilo tangi la maji nyuma ni la Kogo, nyanya yako. Nimechota maji hapo mara ngapi?



Kama wewe si wa huku, wacha nikueleze haraka. Kwetu Wakipsigis kila ukoo una mnyama wake. Watu wa mnyama mmoja ni ndugu, na ndugu hawaoani, hata kama hawajawahi kuonana. Wazee wakija kuposa, hilo ndilo swali la kwanza. Ukoo wetu sisi ni wa tai mweusi, yule wa kishungi kichwani. Wiki tatu zilizopita Kipruto alisimama kwetu Ndanai mbele ya Baba Mdogo, Mzee Kiptum, akasema kwao ni nyuki. Watu wakafurahi, mama akaanza kutafuta kitambaa cha nguo.

Na mimi na Kipruto tulijuania wapi? Kwa tovuti hiyo hiyo aliyowekea ndege, tovuti ya viumbe. Unaweka picha ya mdudu ama ndege, mashine inakisia jina, halafu watu wanaojua wanasahihisha. Yeye aliweka kinyonga wa hapa Bomet akamwita jina la kinyonga wa Madagaska. Nikamsahihisha. Akajibu, "Asante, mwalimu." Hiyo ni miaka miwili sasa.

—Kabla tuje kwenu, mashine ilisema ni tai wa kishungi, akasema. —Mtu mmoja akakubali. Ningefanya nini?

—Ungeniambia!

—Ungeniacha.

—Kwa hivyo ukaamua nizae na ndugu yangu?

Meza ya pili wakageuka wote. Kipruto akainamisha kichwa.

—Babu alilelewa kambi ya majani chai na watu wa ukoo mwingine. Alituachia neno moja tu: ndege mweusi wa kwa mti asirushiwe jiwe. Hakuna mzee kwetu anajua zaidi ya hapo. Chemu, nilishikwa na uoga.

—Basi kaa na uoga wako.

Nikaenda. Sikufichi, nililia. Nililia nikimpimia mteja dawa ya kupe, mpaka akaniuliza kama dawa imeniingia machoni. Jioni ujumbe wake ukaingia.

"Nisamehe. Nitaambia wazee ukweli mwenyewe."

Nikamjibu: "Kwetu usikuje."

Lakini mimi ni mtu wa kurudia picha. Nilifungua ile ya ndege, nikaivuta karibu. Aii! Hicho ni kishungi, ama ni manyoya yamesimama kwa upepo? Mkia wenyewe umejificha nyuma ya tawi. Na huyo aliyekubali, alikubali tu kwa sababu mashine imesema. Nikaandika chini: "Mkia hauonekani. Tusiharakishe."

Jumanne nikachukua bodaboda mpaka Siongiroi. Kogo Tecla, nyanya yake Kipruto, alikuwa anaanika mahindi.

—Chamgei, Kogo.

—Chamgei mising. Umemfanya nini mjukuu wangu? Tangu juzi hali chakula.

—Muulize yeye. Kogo, mimi nimekuja kuona ndege yenu.

Akanitazama, halafu akanyoosha mdomo kuelekea mti.

—Yuko hapo. Ngoja jua ipate mabawa yake.

Tulingoja tukipukuchua mahindi. Ndege alipopaa, akafungua mkia juu ya vichwa vyetu. Mkia mwekundu kama udongo wa murram! Nikapiga picha saba. Tano zilikuwa mawingu tupu, mbili zilitosha.

Kisha nikatafuta kwa tovuti picha mbili safi, moja ya tai wa kishungi, moja ya ndege wa mkia mwekundu, nikamwekea Kogo mkononi. Hakufikiria hata.

—Huyu wa nywele ni wa kina nyinyi. Huyu wa mkia ndio wetu. Mzee wangu alinionyesha mkia kwanza, siku alinioa akanileta hapa.

—Kogo! Mbona hukusema?

—Nani aliniuliza? Wanaume walikuwa wanaulizana wao kwa wao.

Nikaziweka kwa tovuti zile picha zangu mbili za mkia. Kabla chai ya Kogo haijachemka, mtu wa Eldoret alikuwa ameandika: mwewe, wa ile aina nyeusi. Mwingine akakubali, wa tatu akakubali. Hata yule wa kwanza akabadilisha jibu lake, akaomba radhi.

Nikampigia Kipruto.

—Hallo? Chemu?

—Wewe si ndugu yangu.

Nikasikia analia. Nikamwacha alie kidogo.

—Usifurahi bado. Ndege hakukudanganya, wewe ndiye ulinidanganya. Jumamosi utakuja kwetu useme hiyo nyuki ulitoa wapi.

—Nitasema.

—Na Kogo aje. Akae mbele, si jikoni.

Jumamosi akasimama mbele ya wazee, jasho likimtoka, akasema yote: akaunti, uongo, nyuki. Mzee Kiptum akamsikiliza mpaka mwisho.

—Kwa hivyo siku hizi simu ndio inajua ukoo?

—Hapana, mzee. Kogo ndiye anajua. Simu imeshika picha tu.

Kogo Tecla akainuka, akaeleza mkia, mti, na siku aliyoonyeshwa. Mzee Kiptum akamuuliza maswali matano, akajibiwa matano. Akashusha pumzi.

—Ndege nimekubali. Uongo sijakubali. Tokeni wote mpaka kwa geti, mrudi kama watu hawajawahi kuja hapa.

Wakatoka kwenye manyunyu, Kogo naye amebeba kiti chake. Watu wetu wakafunga geti, mimi nikarudi ndani kuchungulia dirishani. Wakabisha.

—Nyinyi ni nani? akauliza Mzee Kiptum, uso mkavu kabisa.

—Ni wageni, mzee. Tunatafuta msichana.

—Kwenu ni nini?

—Mwewe mweusi, akajibu Kipruto. —Wa mkia mwekundu.

Hapo nikaitwa kutoka ndani, kama desturi, nisimame katikati ya watu.

—Chemutai, hawa wageni unawajua?

—Nawajua.

—Na huyu kijana?

Kipruto alikuwa amelowa, macho chini. Nilimpenda miaka miwili na bado kuna kitu sikuwa nimekiona: akisema ukweli akiwa na uoga.

—Huyu nimemjua leo, Baba Mdogo. Wapeni viti.