Nyota Tano za Mazinde

"Mkonge Tatu, lori lisitoke. Polisi watafika baada ya dakika ishirini. Mwisho."

Dorkasi Shemdoe, Mkonge Tatu mwenyewe, alichomoa redio sikioni, akashuka kwenye Prado mbele ya ghala la zamani la katani, Mazinde.

Ndani kulikuwa na viyoyozi mia nne. Vilikataliwa ng'ambo kwa kufyonza umeme, vikabandikwa hapa lebo za nyota tano za ufanisi, tayari kwa zahanati za Handeni. Kimoja kilishafika zahanati ya Kwedizinga. Kilimaliza umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, siku ya Jumamosi, friji ikazima. Jumatatu nesi Yusta alimwaga chanjo za kata nzima.

Mlangoni Dorkasi aliitupia jicho mita. Zilibaki uniti sifuri nukta nne. Tajiri wa viyoyozi mia nne, ananunua umeme kidogo kidogo kama mpangaji wa chumba kimoja.

Obadia, mwenye mali, alivaa suti ya sufu. Saa nane mchana, Mazinde.

Dorkasi alishakamata wahalifu wenye akili. Huyu hakuwa mmoja wao.

"Karibu, dada mnunuzi. Fanya haraka, lori linatoka baada ya robo saa."

"Lebo hata mwanangu anachora, bosi. Kiwashe nikione."

"Unanidharau?"

"Au unakiogopa?"

Walinzi wakacheka. Obadia hakuvumilia kuchekwa na vibarua wake. Akabonyeza rimoti.

Chombo kikanguruma kama mashine ya kusaga. Dorkasi akabana waya kwa kipima umeme chake cha Fluke.

Lebo: wati mia tisa.

Kipimo: elfu mbili na mia nane.

Akapiga hesabu. Akaketi.

Dakika ya tisa, kiyoyozi kikafa. Geti la chuma, la umeme, likabaki limefungwa. Dereva akapiga honi.

"Nunueni umeme!"

"Mtandao hakuna, bosi!"

Ndani ya mkoba wa Dorkasi, kizuia mawimbi ya simu, kidogo kama kiberiti, kilikuwa kazini.

"Fungueni kwa mkono!"

"Ufunguo uliuacha Korogwe, bosi. Ulisema sisi wezi."

Obadia akamgeukia mgeni wake. Akakutana na mdomo wa Beretta.

"Kaa hapo hapo, mzee wa nyota tano."

Dakika chache baadaye, nje, Defenda za polisi zikafunga breki.

"Kwa wati mia tisa," Dorkasi alisema, akikunja waya za kipima umeme, "umeme ule ungekaa dakika ishirini na sita. Lori lingekuwa limeshapita Mombo."

Akabandua lebo moja, akambandikia kwenye kola ya suti. Akaondoka bila kugeuka.