Mshono Usioshika

Harufu ilianza mezani, Jumapili mchana, familia ikiwa imetoka misa. Élodie alikuwa ameandaa bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani. Mume wake, Dokta Baharanyi, alimega tonge, akalifikisha mdomoni, akalirudisha kwenye sahani.

"Hizi sambaza zimeoza."

"Nilizinunua leo asubuhi, papa. Zilikuwa bado zinang'aa." Élodie alinusa sahani, kisha akanusa hewa. Mwishoni akainama juu ya vidole vya mumewe na kurudi nyuma upesi. "Haiko samaki. Ni mikono yako."

Baharanyi alinawa kwa sabuni, akanawa kwa ndimu, akanawa kwa Javel ya kufulia mpaka ngozi ikamwasha. Harufu ilibaki palepale. Aliijua vizuri, maana kila anayepasua matumbo anaijua: harufu ya utumbo uliotoboka ndani ya mtu aliye hai, mavi na usaha, na juu yake utamu kama wa ndizi iliyopitiliza. Aliporudi mezani alikuta Élodie amehamisha sahani yake hadi upande wa pili.

Baharanyi alikuwa mpasuaji mkuu wa kliniki moja ya watu binafsi huko Ndosho, mjini Goma, jengo lenye ukuta wa mawe meusi ya volkano. Watu walimfuata kutoka Bukavu, Butembo na Beni. Alitoa kansa za mapafu, alikata matumbo yaliyojisokota, na wengi walipona kweli, hilo hakuna aliyelibisha. Lakini sifa zilimpanda kichwani. Utumbo ukiharibika sana, mpasuaji huutoa mdomo wake nje, kwenye ngozi ya tumbo, mgonjwa akawa anajisaidia ndani ya mfuko kwa miezi au kwa maisha yake yote. Watu wa Goma wanauchukia mfuko huo kuliko ugonjwa wenyewe. Basi Baharanyi akaenda redioni na kutamba: "Wagonjwa wangu hawatembei na mfuko."

Kambere aliyasikia maneno hayo akiwa njiani, kabla ya harufu ile kuanza. Alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe na vitunguu kati ya Butembo na Goma, mtu wa mwili mkubwa na kicheko kikubwa, na kansa ilikuwa imemkamata kwenye utumbo mpana. Baharanyi alikata sehemu yenye ugonjwa, akaziunganisha ncha mbili, akashona. Siku chache baadaye tumbo la Kambere likavimba na kuwa gumu kama ngoma. Homa ikampanda, moyo ukaenda mbio.

Msaidizi wa Baharanyi, dokta kijana aliyeitwa Gisèle, alimfuata kwenye veranda ya kliniki.

"Dokta, mshono umeachia. Tumufungue leo hii, tutoe utumbo inje, tumuwekee mfuko. Atapona."

"Mshono wangu haiachiaka."

"Dokta, niko nakuomba. Anaita jina yako."

"Ni gesi tu. Mumutundikie serumu."

Akaondoka kwenda kwenye karamu kando ya ziwa, akazima simu. Kambere alimwita mpaka sauti ikamwishia, na roho ikafuata sauti.

Mtu hufa mikononi mwa waganga, na mwenye haki husamehe. Lakini Paulin, kaka wa Kambere, alipouliza ndugu yake ameuawa na nini, Baharanyi aliangalia sakafu na kusema, "Mimi ugonjwa wote nilitoa. Lakini kama mutu alikunywishwa kitu huko nyumbani, munganga atafanya nini?"

Huko Goma hakuna haja ya kumalizia sentensi kama hiyo. Kila mtu analijua neno karuho, ile sumu inayoua polepole, na nyumbani anayemnywesha mtu ni mke wake. Siku hiyohiyo Micheline, mjane wa Kambere, alipigwa na mashemeji mbele ya majirani, akanyolewa kwa kisu, godoro lake likachomwa moto. Watoto wake walibaki kwa Paulin. Yeye akatoroka na kanga moja hadi mtaa wa Birere, kwa shangazi yake, akiwa na jino limevunjika na jina jipya: mchawi.

Gisèle aliyasikia yote akanyamaza, kwa sababu Baharanyi ndiye aliyemwajiri.

Jumatatu baada ya ile harufu, waliletewa Joviale, muuza vitenge aliyebanwa utumbo kwenye ngiri. Baharanyi alikata kipande kilichokufa, akaanza kuunganisha. Alifunga fundo. Likafunguka. Akafunga tena, akakaza, na uzi ukateleza wenyewe taratibu mbele ya macho yake, kama kamba ya kiatu inayovutwa na mtu asiye na haraka.

"Huu uzi ni mubaya. Mulete ingine."

Uzi mwingine ukafanya vilevile. Ndipo chini ya meza ya upasuaji tumbo likanguruma, ngurumo ndefu, yenye maji, ya tumbo kubwa la mwanaume, ilhali chini ya meza hapakuwa na kitu. Na Joviale, aliyekuwa amelazwa kwa dawa, na bomba la kupumulia likiwa kooni mwake ambalo haliruhusu mtu kutoa hata mnong'ono, akasema kwa sauti nzito ya kiume, yenye lafudhi ya Butembo:

"Dokta. Tumbo yangu iko navimba. Juu ya nini haukukuya?"

Muuguzi aliangusha sinia. Baharanyi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Aliyesogea ni Gisèle. Alishona, na kwake fundo likashika, la kwanza, la pili, mpaka mwisho. Joviale alipona, hakukumbuka chochote.

Ikawa hivyo kwa kila mgonjwa. Kilichoshonwa na Gisèle kilishika, kilichoguswa na Baharanyi kiliachia, iwe utumbo, iwe pafu, iwe kidonda cha mtoto kwenye goti. Wagonjwa hawakudhurika, maana huyo aliyekuja hakuwa na ugomvi nao. Wauguzi wakaanza kupiga ishara ya msalaba Baharanyi akiingia. Mwenye kliniki akamwambia apumzike kidogo nyumbani.

Nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Maji ya tanki yalinuka. Mashuka yaliyofuliwa na kukaushwa juani yalikuwa na madoa ya kahawia kila alipolalia, na jioni moja, umeme ukiwa umekatika na Élodie akiwa jikoni anatafuta mshumaa, ngurumo ile ilianza chini ya kochi alilokalia mumewe, ikapanda kupitia mbao, ikapanda kupitia sponji, ikaingia ndani ya mwili wake, naye akahisi kitu kikubwa kinageuka tumboni mwake kama mtu anayetafuta namna nzuri ya kulala, na akataka kumwita mkewe lakini sauti haikutoka, ikatoka pumzi tu yenye harufu ileile, na kutoka gizani mtu akamjibu kwa upole, kama jirani anayesalimia: "Ita tu, Dokta. Na mimi niliita."

Élodie alirudi na mshumaa akamkuta ameloa jasho. Aliyasikia maneno yale kwa masikio yake mwenyewe.

"Ni nani huyo?" alinong'ona.

"Sijue."

"Usinidanganye, papa. Amekuita Dokta. Ni mugonjwa wako."

Asubuhi alimleta Abbé Fortunat, padri aliyesifika kwa kufukuza mapepo. Abbé alivaa stola, akanyunyiza maji ya baraka sebuleni, chumbani, kwenye tanki. Alipofika mbele ya Baharanyi na kuanza sala, alikatisha. Aliinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza mtu akimnong'oneza jambo. Kisha akavua stola na kuikunja.

"Huyu haiko shetani," alisema. "Shetani ningemufukuza. Huyu ni mutu mwenye kesi. Mimi siwezi kufukuza mutu anayedai haki yake. Dokta, ulimufanya nini bibi yake, yule mujane?"

Élodie akageuka kumtazama mumewe. Baharanyi alilia, akasema nusu. Abbé akamwambia aende kwa familia ya marehemu aseme yote, mbele ya watu, siku hiyohiyo.

Akaenda, Élodie na Abbé wakiwa nyuma yake. Paulin aliwapokea uani kwake, Ndosho, akaita ndugu na majirani, akaleta viti. Watoto wa Kambere walisimama kwenye mlango. Baharanyi alifungua mdomo, akayaona macho ya wale watu wote wanaomwamkia barabarani kila siku, akawaza kliniki, redio, jina lake.

"Nimekuya kusema kidogo juu ya marehemu," alianza. "Pengine... pengine haikukuwa sumu. Mambo ya tumbo ni magumu. Hakuna mutu anaweza kuwa na hakika."

"Pengine?" Paulin aliuliza. "Dokta, tulimufukuza mwanamuke juu ya neno yako. Sasa unasema pengine?"

Baharanyi alinyanyua mkono ajitetee. Tumbo lake lilivimba mbele yao wote, likapanda chini ya shati kama bugali inayofura sufuriani, vifungo vikaruka kimoja baada ya kingine, naye akaanguka kwenye mawe akipiga kelele ambazo hazikuwa zake, kelele za mwanaume wa Butembo mwenye mwili mkubwa. Mtoto mdogo wa Kambere, pale mlangoni, akasema, "Papa," akaanza kulia.

Wakampakia kwenye gari, wakamkimbiza kliniki. Gisèle alimgusa tumbo: gumu kama ngoma. Hakungoja. Baharanyi alimshika mkono kabla ya dawa kumlaza.

"Gisèle. Usiniwekee mfuko."

"Nyamaza, Dokta. Nitafanya kile kinahitajika."

Baharanyi hakuwa amepasuliwa maishani mwake. Tumbo lake halikuwa na kovu hata moja. Gisèle alichana ngozi, akachana nyama, akafungua, na uvundo ukawatoa wauguzi machozi. Akanyonya maji machafu, akaupekua utumbo kidogokidogo akitafuta ulikotobokea. Akapaona. Akasimama pale mikono ikiwa ndani ya mwili wa mkubwa wake.

Utumbo ulikuwa umekatwa na kuunganishwa. Palikuwa na mshono, wa uzi mweusi, uliopangwa vizuri, nukta kwa nukta, ndani ya tumbo ambalo hakuna kisu kilichowahi kuingia. Na ulikuwa umeachia upande mmoja, kama mdomo ulioanza kusema. Gisèle aliutambua mkono wa mshonaji. Alikuwa amemsaidia Baharanyi miaka mingi, akiushikilia uzi anaposhona. Ulikuwa mshono wa Baharanyi mwenyewe, uleule aliouweka ndani ya Kambere.

"Mama yangu," muuguzi alisema. "Nani aliingia humu?"

Gisèle aliomba mkasi. Alikata, akasafisha, akautoa mdomo wa utumbo nje kwenye ngozi, akaweka mfuko.

Baharanyi alizinduka kesho yake. Homa haikushuka. Chini ya bandeji ngurumo iliendelea mchana kutwa, na wagonjwa wa kitanda cha jirani waliomba wahamishwe. Safari hii Gisèle ndiye aliyeongea. Aliketi karibu naye mbele ya Élodie na Abbé Fortunat.

"Mimi pia niliogopa, nikanyamaza. Leo nimemuita Paulin, nimemuita na mama Micheline. Wako kwa mlango. Useme yote, ao mimi nitasema."

Wakaingia. Paulin alishika kofia mikononi. Micheline alisimama mbali naye, kitambaa kimefunga kichwa kilichonyolewa, mdomo umefumbwa juu ya lile jino. Baharanyi alisema. Alisema kwamba mshono uliachia, kwamba aliambiwa, kwamba alikwenda kwenye karamu akazima simu, kwamba karuho ilikuwa uongo wake ili aokoe jina. Hakubakiza kitu. Alipomaliza alikuwa analia kama mtoto, na mfuko uliokuwa juu ya tumbo lake ulikuwa umejaa, lakini hakuna aliyesogea kuubadilisha.

Paulin alipiga magoti mbele ya shemeji yake.

"Watoto wangu," Micheline alimwambia.

"Watakuya kwako leo, mama. Na nyumba ni yako. Mbele ya hawa wote."

Abbé Fortunat akasogea. "Mama Micheline, ukweli umesemwa. Marehemu alikuya juu yako. Mimi siwezi kumurudisha, ni wewe tu. Mwambie bwana yako apumzike."

Wote wakamgeukia. Hata ngurumo ikanyamaza, kama kwamba na yeye aliyekuwa ndani anangoja. Élodie aliunganisha mikono kifuani. "Niko nakuomba, mama," alisema. "Mwanamuke kwa mwanamuke."

Micheline alikaribia kitanda. Alimtazama Baharanyi kwa muda, bila kelele, bila chozi, jinsi mtu anavyotazama mzigo kabla ya kuamua kuubeba au kuuacha. Akaweka kiganja juu ya tumbo lililofungwa bandeji, taratibu, kama alivyokuwa akimwekea mumewe alipokuwa mgonjwa. Akainama karibu kabisa.

"Kambere," aliita kwa sauti ya chini. "Bwana yangu. Nashukuru."

Baharanyi alifumba macho, akavuta pumzi ya mtu anayefunguliwa.

"Lakini bado," Micheline akasema. "Bado kidogo."

Akaondoa mkono wake, akajifunga kanga vizuri, akatoka kwenda kuchukua watoto wake. Alikuwa hajafika hata kwenye geti la kliniki alipomsikia Baharanyi akianza kuita.