Mapipa Matatu ya Kipngetich

Mwaka wa 1968, Kipngetich na wenzake kumi na mmoja walinunua shamba la mzungu mmoja huko Kiplombe, karibu na mji wa Eldoret. Mzungu huyo alikuwa anarudi kwao. Waligawana ardhi kwa kura. Kipngetich alipata kipande chenye stoo ya mawe, na ndani ya stoo hiyo mlikuwa na mashine ya kusaga unga.

Mke wake, Jepchirchir, ndiye aliyeendesha mashine. Kila asubuhi alijifunga kitambaa kichwani, akazungusha mkono wa injini mara mbili tatu, na injini ikanguruma. Kina mama walileta mahindi yao, wengine kwa punda, wengine kichwani. Kipngetich alilima mashamba ya wenzake kwa trekta na kupeleka unga mjini kwa pikapu. Duka lilikuwa mbali, kwa hiyo Jepchirchir aliuza pia mafuta ya taa.

Ndiyo maana stoo ilikuwa na mapipa matatu. Moja lilikuwa la dizeli ya injini na trekta. La pili lilikuwa la petroli ya pikapu. La tatu lilikuwa la mafuta ya taa. Yote yalikuwa meusi na hakuna lililoandikwa kitu. Yalisimama ukutani karibu na magunia ya mahindi. Kipngetich aliyaweka ndani kwa sababu ya wezi, maana stoo ilikuwa na mlango imara na kufuli.

Mara kwa mara mteja alilalamika kwamba unga wake una harufu. Jepchirchir alimwomba msamaha, akamwaga pumba mahali palipolowa mafuta, akafagia. Yeye mwenyewe hakusikia harufu tena. Pua yake ilikuwa imezoea.

Miaka kadhaa baadaye, Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, Kipngetich alileta pipa jipya la petroli kutoka mjini. Nafasi ilikuwa ndogo. Alisukuma pipa la mafuta ya taa mpaka karibu na mlango, akaweka lile jipya kwenye kona, mahali ambapo mafuta ya taa yalikaa siku zote. Alilifungua, akatoa petroli kidogo ya pikapu, akarudisha kizibo bila kukikaza. Alitaka kumwambia mke wake, lakini mtu alikuja kusema trekta imekwama kwenye matope. Akaenda.

Baada ya chakula cha mchana alikuja Nanzala. Nanzala na mume wake, Jeconia, walikaa ng'ambo ya kijito, katika nyumba za zamani za wafanyakazi wa shamba. Alileta mahindi ya kusaga na chupa tupu ya kutilia mafuta ya taa. Jepchirchir alisaga mahindi. Kisha akaingiza mpira kwenye pipa la kona, akavuta kwa mdomo, akatema haraka kama kawaida. Siku hiyo alikuwa na mafua. Aliona mafuta ni makali kuliko siku zote, lakini alidhani ni kwa sababu pipa ni jipya. Akajaza chupa, na Nanzala akaenda zake.

Saa kumi na moja jioni Kipngetich alirudi. Aliona mpira ukining'inia kwenye pipa la petroli. Akamuuliza mke wake ni nani aliyelifungua.

"Ni mimi," Jepchirchir alisema. "Nilimpimia Nanzala mafuta ya taa."

Kipngetich alimweleza hilo lilikuwa pipa gani. Wote wawili walijua kwamba nyumba zile zina madirisha madogo, na watu huwasha taa mapema. Pikapu haingeweza kuvuka kijito, kwa sababu palikuwa na magogo mawili tu. Kipngetich akakimbia kwa miguu.

Alipanda upande wa pili akihema. Alimwona Nanzala uani, anatoka kwa jirani. Mkononi alikuwa na kigae chenye kaa la moto, kwa maana kiberiti chake kilikuwa kimekwisha. Mlango wa nyumba yake ulikuwa wazi. Alibakiza hatua kama kumi.

"Mama, simama hapo hapo," Kipngetich alisema. "Usiingie na moto. Mafuta tuliyokuuzia ni petroli."

Nanzala alisimama. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mtoto amelala ndani. Na taa nimeshaijaza."

Aliweka kigae chini, mbali na mlango, akakifunika kwa udongo. Kipngetich aliingia na kutoa mtoto kwanza. Kisha akatoa taa na chupa. Mezani palikuwa na petroli iliyomwagika wakati wa kujaza. Walifungua mlango na dirisha, wakaacha upepo upite. Usiku ule Nanzala alilala kwa jirani. Kipngetich alirudi nyumbani, na yeye na mke wake hawakula.

Jumamosi mchana Jeconia, aliyekuwa amerudi kutoka kazini mjini, alifika stoo akisukuma baiskeli. Alikuwa mtu wa makamo mwenye mvi. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minne kwenye dipo ya mafuta, karibu na stesheni ya reli mjini. Kipngetich alitoka kumlaki, akaanza kuomba msamaha. Alitarajia maneno mazito, na aliona yanamstahili.

Jeconia alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, akimwita kwa jina la mtoto wake, "Baba Hellen, nilikuwa na hasira. Bado ninayo. Lakini hasira haitamsaidia mteja wa kesho. Nionyeshe mahali unapoweka mafuta."

Jepchirchir akajiunga nao, wakaingia wote watatu. Jeconia alitazama mapipa, magunia, injini, na pumba kwenye kona. Kwanza aliomba injini izimwe. Kisha akafungua mlango wote.

"Watu wanadhani petroli haishiki moto mpaka iguswe na kiberiti," alisema. "Sivyo. Petroli inatoa mvuke, na mvuke huo huuoni. Ni mzito kuliko hewa. Unashuka chini, unatambaa sakafuni, unakusanyika kwenye kona. Ukifika kwenye bomba la moshi la injini yako, au kwenye cheche yoyote, unashika. Moto unarudi wenyewe mpaka kwenye pipa."

Kipngetich alisema kwamba akiweka mapipa nje, yataibwa.

"Sijasema uyaache wazi. Jenga banda lake na ulifunge. Ninachosema ni kwamba mafuta yasikae pamoja na injini, na watu, na chakula."

Jepchirchir alionyesha pipa moja lililolala nje ya mlango. Lilikuwa la petroli lakini lilikuwa tupu. Aliuliza kama hilo angalau halina hatari, maana walipanga kumpa fundi alikate liwe birika la ng'ombe.

Jeconia alitikisa kichwa. Aliwaambia kwamba pipa tupu la petroli limejaa mvuke, na fundi akilipiga moto wa kukatia linaweza kulipuka usoni kwake. Aliwaagiza walifunge kizibo na kulirudisha kwa wauzaji. Akaeleza pia habari ya mpira. Mtu akivuta mafuta kwa mdomo, tone moja linaweza kuingia mapafuni na kumwua polepole. Kule dipo wao walitumia pampu ya mkono.

Kisha akauliza, "Na leseni mnayo?"

Kipngetich alisema alidhani leseni ni za kampuni kubwa za mjini. Jeconia alimjibu kwamba sheria ya petroli inamhusu kila mtu anayeiweka kwa biashara. Alimshauri aende ofisi ya wilaya aulize kiasi anachoruhusiwa kuweka, na aombe mkaguzi aje aone mahali.

Kipngetich hakungoja mkaguzi. Jumatatu alianza kubeba mawe na kuweka msingi juu ya mteremko, mahali palipo wazi na pazuri. Alifanya kazi siku nne. Mkaguzi alipofika, alitazama chini ya mteremko, akaona kisima.

"Pipa likitoboka hapa," alisema, "familia ngapi zitakunywa dizeli?"

Kipngetich alikasirika. Mgongo ulimuuma. Lakini alijua kwamba watu wa kisima kile ni watu tisini na zaidi. Alibomoa msingi, akahamisha mawe hadi upande mwingine, hatua hamsini kutoka kwenye mashine na mbali na maji.

Jeconia alikuja kila Jumamosi kusaidia. Walijenga banda la mawe lenye paa la mabati. Waliacha matundu chini ya kuta ili mvuke utoke, na matundu mengine juu ili hewa ipite. Waliweka nyavu za waya kwenye matundu. Sakafu ilikuwa ya simiti. Mlangoni walijenga kizingiti kirefu, lakini chini kidogo ya usawa wa matundu, na kuta za chini wakazipaka simiti vizuri, ili pipa likipasuka mafuta yote yabaki ndani kama maji kwenye beseni. Mafuta ya taa walikataa kuyaweka karibu na petroli. Waliyajengea chumba chake chenye mlango wake.

Jepchirchir ndiye aliyepaka rangi. Pipa la petroli alilipaka nyekundu, la dizeli manjano, la mafuta ya taa buluu. Aliandika jina la kila moja kwa herufi kubwa. Kwa wale wasiojua kusoma, alisema, rangi itatosha. Kila pipa lilipata pampu yake. Nje waliweka ndoo nne za mchanga, kwa maana maji hayazimi moto wa petroli, yanausambaza tu. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuvuta sigara pale, hata wazee.

Mkaguzi alirudi, akapima kizingiti kwa futi yake, akaandika leseni. Jepchirchir aliitundika ukutani ndani ya stoo ya mashine. Harufu kwenye unga ikaisha, na wateja waliokuwa wamehamia mashine nyingine wakarudi mmoja mmoja.

Mwezi wa kwanza mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, mkanda wa mashine uliteleza ukapata moto. Cheche zikaangukia pumba. Moto ukapanda haraka kwenye magunia. Jepchirchir alizima injini, akawatoa wateja nje, na wote wakachota maji. Yaliungua magunia sita na sehemu ya paa. Hakuna mtu aliyeumia. Mapipa yalikuwa hatua hamsini kutoka pale, na hakuna hata moja lililopata joto.

Wiki iliyofuata wenye shamba walikutana. Wengine watano kati yao walikuwa na mapipa nyumbani, moja hata chini ya kitanda. Waliuliza kama kujenga banda ni lazima, kwa kuwa wamekaa hivyo miaka mingi bila shida. Jepchirchir hakuwa na desturi ya kusema mkutanoni. Siku hiyo alisimama.

"Mnajua moto wa juzi," alisema. "Lakini hamjui jambo lingine. Mwaka jana nilimpa Nanzala petroli badala ya mafuta ya taa. Sikuwa mlevi, wala sikuwa na haraka. Nilifanya kama nilivyofanya kila siku. Mtoto wake alikuwa amelala ndani."

Akaketi. Kisha mzee mwenye pipa chini ya kitanda aliuliza kama kuna mtu wa kumsaidia kulitoa leo hii, kabla ya jua kutua. Wanaume wanne wakainuka.