Mbwa Si Kinyago

Asubuhi Nthoki aliwasha stovu, akabandika chai. Mtoto wake Ndindi alikuwa bado amelala. Nje uani, mumewe Maingi alikuwa amekwisha kaa juu ya gogo, anachonga twiga kwa tezo. Hivyo ndivyo siku zilivyoanza katika ploti yao ya Dandora.

Baraza la jiji lilikuwa limewapa choo, bafu na kipande cha ardhi. Vyumba walitakiwa wajijengee wenyewe. Chumba kimoja kilikuwa tayari. Cha pili kilikuwa na kuta tu. Mabati yake yaliegemezwa ukutani, na kando ya mabati kulikuwa na magogo ya muhugu, mti ambao Maingi aliutumia kwa vinyago vyake.

Mali hiyo yote ililindwa na mbwa mmoja. Waashi ndio waliompa jina. Walipokuwa wakijenga, yeye alilala kivulini akiwatazama bila kugusa kazi. Wakasema huyu lazima ni fomeni, msimamizi wa kazi. Jina likamshika.

Zamani Fomeni alibweka hata paka akipita juu ya ukuta. Asubuhi hiyo Nthoki alimpelekea mabaki ya ugali, akamwita. Fomeni alipiga mkia chini kidogo, kisha akafumba macho. Mbavu zake zilionekana. Tumbo lake lilikuwa limevimba.

Maingi aliweka tezo chini.

"Leo pia hakubweka," alisema. "Muuza maziwa ameingia mpaka mlangoni."

"Labda anamjua."

"Na yule aliyekuja jana kuuliza njia? Naye anamjua?"

Nthoki alijua mazungumzo haya yanaelekea wapi. Mwisho wa mwezi Maingi angesafiri na wachongaji wenzake kwenda Mombasa kuuza vinyago. Safari iliyopita wezi waliruka ukuta wa ploti ya jirani na kuchukua mabati. Kwao hawakuingia, kwa sababu Fomeni alibweka. Sasa Fomeni hakuwa na sauti.

Maingi alikuwa amekwisha sema. Mbwa asipopona kabla ya safari, Nthoki na mtoto watarudi Machakos kwa mama mkwe mpaka nyumba iishe. Magogo yatapelekwa mtaa wa Baba Dogo kwa ndugu yake Munyoki. Na Fomeni atapewa watu wa baraza wanaoua mbwa.

Nthoki hakutaka kurudi. Kwa miaka mingi alikuwa na mume wa Krismasi tu. Alimwona Desemba, akamsindikiza Januari. Hatimaye walikuwa wanakula meza moja, hata kama meza yenyewe ilikuwa sanduku. Kwa hiyo alijitahidi sana kumponya mbwa. Lakini kadiri alivyojitahidi, ndivyo alivyozidi kuchanganyikiwa.

Aliuliza watu. Mwanamke mmoja alimwambia kwamba mbwa mwenye njaa ndiye mkali, basi ampe chakula kidogo. Mwenye kioski akamwambia atie pilipili katika ugali. Munyoki, ambaye alikuwa dereva na aliyapenda maneno yake mwenyewe, alisema mbwa wa kulinda hafunguliwi kamwe. Akizoea kutembea, akazoea watu, amekwisha. Nthoki alifuata yote. Alipunguza chakula, akatia pilipili, akamwacha Fomeni katika mnyororo kutwa kucha.

Fomeni akatapika. Nthoki akaacha pilipili, akampa mifupa ya kuku. Akatapika tena. Akamnyima chakula siku nzima, na bado akatapika. Akila anatapika. Asipokula anatapika. Nthoki alisimama uani na sufuria mkononi, hajui aijaze au aioshe.

Jioni hiyo jirani yao Rispa alipita kurudisha ungo. Watu walimwita Mama Okoth. Alifanya kazi na daktari wa mifugo upande wa Eastleigh, na alikuwa amesomea kazi hiyo. Nthoki hakuwahi kumwuliza habari za mbwa. Alidhani daktari wa mifugo ni wa ng'ombe, na ng'ombe hakuwa naye.

Rispa alimwona Fomeni akasimama. Hakumgusa. Alichuchumaa, akanyoosha mkono, akamwacha mbwa aunuse kwanza. Kisha akaanza kuuliza. Anakula nini? Anakula lini? Nthoki akamweleza kila kitu, pamoja na pilipili.

"Na maji?"

"Anakunywa yale ninayooshea sufuria."

"Yenye sabuni?"

"Sabuni ni kidogo, Mama Okoth. Yana mafuta ya chakula. Niliona yana nguvu."

Rispa alicheka, na Nthoki naye akacheka, ingawa hakujua wanacheka nini. Kisha Rispa akaeleza polepole. Pilipili haimfanyi mbwa awe mkali. Inamchoma tumbo tu, kama inavyomchoma mtoto. Njaa nayo haimpi ukali. Inamwondolea nguvu ya kusimama. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika ikawa na ncha kama sindano, na inaweza kumtoboa ndani. Tumbo lile lililovimba lilimfanya afikirie minyoo.

"Lakini kuna kitu sielewi," alisema Rispa. "Njaa haifanyi manyoya kuwa meusi."

Nthoki aliinama. Ni kweli. Mgongo wa Fomeni ulikuwa mweusi na wa kunata. Alikuwa amedhani ni uchafu wa kulala chini. Rispa alipitisha kidole, akakinusa, akakunja uso.

"Mama Ndindi, huyu mbwa analala gereji?"

"Gereji gani? Hajatoka kwenye mnyororo huu tangu mvua ziishe."

Rispa alinusa tena. Nthoki naye akanusa. Harufu aliijua, lakini hakukumbuka ya wapi. Aliangalia ukutani, akaangalia stovu. Wakati huo wote tezo la Maingi lilikuwa limenyamaza.

"Ni mimi," alisema Maingi.

Alikuja akiwa bado na twiga mkononi. Akaeleza kwamba magogo yakiingia dumuzi, yeye huyapaka oili chafu ya gari iliyochanganywa na mafuta ya taa. Munyoki humletea oili kwenye debe. Wadudu hufa, na mti haupasuki. Aliona ngozi ya Fomeni imepasuka, ina upele na viroboto. Basi kila alipomaliza kupaka magogo, brashi ikiwa bado na mafuta, alimpaka na mbwa.

"Magogo yangu hayajaoza hata moja," alisema. Hakuwa anajitetea. Alikuwa anashangaa kweli.

"Gogo halijilambi, Baba Ndindi," alisema Rispa.

Maingi alimtazama mbwa. Fomeni alikuwa amegeuza shingo, anajilamba mgongo taratibu.

Nthoki alikaa chini. Yeye alikuwa akimlisha asubuhi na kuhangaika na chakula. Mumewe alikuwa akimpaka jioni na kuhangaika na ngozi. Kila mmoja alimtibu peke yake, na hakuna aliyemwuliza mwenziwe. Lakini bado hakuelewa.

"Sasa kilichomwumiza ni nini?" aliuliza. "Chakula changu au mafuta yake?"

"Vyote, pamoja na mnyororo. Usitafute kosa moja tu."

Maingi alitaka kuleta maziwa wamnyweshe ili atapike sumu. Rispa akamkataza. Mbwa aliyemeza mafuta halazimishwi kutapika wala hamiminiwi kitu kooni, kwa sababu mafuta yanaweza kuingia mapafuni. La kwanza ni kuyatoa mwilini ili asiendelee kuyalamba. Nthoki akachemsha maji, akayapoza mpaka yakawa vuguvugu. Wakamwosha kwa sabuni ya kipande, wakamsuuza, wakamwosha tena. Povu lilitoka jeusi. Wakamkausha, wakamvisha gunia safi lililotobolewa mahali pa miguu.

Kulipokucha, Maingi aliazima mkokoteni anaobebea magogo. Akamlaza Fomeni ndani, akashika njia ya Eastleigh, Rispa akitembea kando. Vijana waliokaa kwenye ukuta waliwaona.

"Niaje, Fomeni," alisema mmoja. "Leo wewe ndiye unabebwa?"

"Mafomeni wote hubebwa," akajibu Maingi, akaendelea kusukuma.

Daktari alimpima Fomeni kwa muda mrefu. Alimdunga sindano, akatoa dawa ya minyoo na dawa ya kumwogesha kwa ajili ya upele. Alisema chanjo ya kichaa cha mbwa atapewa akishapata nguvu, na kwamba asikose, kwa sababu ugonjwa huo humwua mbwa na humwua mtu. Maingi alimwuliza kama mbwa atabweka kabla ya mwisho wa mwezi. Daktari akasema hajui. Mafuta yamekaa mwilini siku nyingi, itabidi wangoje waone.

Maingi alirudi nyumbani na jibu hilo, nalo halikumsaidia mtu. Nthoki alikunja nguo za mtoto, akazitia kwenye kikapu. Kisha akazitoa.

Kuanzia siku hiyo Fomeni alikula asubuhi na jioni, chakula kidogo kidogo. Ulikuwa ugali laini uliochanganywa na mboga au vichwa vya omena, wale dagaa wa ziwani. Siku nyingine Nthoki alinunua matumbo, akayachemsha mpaka yakaiva kabisa. Rispa alimwonya kwamba matumbo na mapafu mabichi yana minyoo ambayo mbwa humpitishia mtu, na Ndindi ndiye anayetambaa uani. Kwa hiyo Maingi alizoa kinyesi cha mbwa kwa koleo kila siku na kukizika mbali. Nthoki aliosha mikono ya mtoto kila alipoingia ndani. Maji ya Fomeni yalikuwa maji yale yale waliyokunywa wao.

Kisha wakaja kwenye mnyororo. Rispa alisema mbwa anahitaji kutembea kama anavyohitaji kula. Nthoki akamweleza aliyosema Munyoki, kwamba mbwa akifunguliwa amekwisha.

"Mbwa wa kufungwa kutwa hulia kwa kuchoka," alisema Rispa. "Mwisho hata kulia anaacha. Mbwa anayetembea ndiye anayejua nani ni wa hapa na nani si wa hapa."

Maingi akafunga geti, akamfungua Fomeni. Fomeni hakukimbia. Alizunguka nguzo, akafika pale mnyororo ulipokuwa ukimkomea, akasimama. Akazunguka upande mwingine, akasimama tena. Ardhi ilikuwa na duara lililochimbwa na miguu yake, naye hakulivuka. Nthoki alimtazama, akahisi wanafanana. Yeye naye hakujua mahali pake panaishia wapi. Akachukua tonge la ugali, akaliweka nje ya duara. Fomeni alilitazama, akamtazama Nthoki. Kisha akanyoosha mguu mmoja.

Tangu hapo walimtembeza asubuhi na jioni, jua likiwa si kali. Walimfunga kamba shingoni ili asikimbilie barabara wala jaa la takataka. Mwanzo alifika kioski tu, akachoka. Baadaye alifika mtoni. Upele ulikauka. Manyoya mapya yakaota, mepesi kama ya mtoto. Lakini hakubweka. Muuza maziwa aliingia, akatoka.

Mwisho wa mwezi ulifika. Maingi alifunga vinyago kwa magazeti. Nthoki alikunja tena nguo za mtoto. Kikapu cha Machakos kilikuwa katikati ya chumba, na wote wawili walikizunguka.

Adhuhuri ya Jumamosi Munyoki alikuja kumsaidia ndugu yake kubeba mzigo, na kuyachukua magogo. Alifungua geti kama kawaida yake, bila kupiga hodi. Hapo Nthoki, akiwa ndani, alisikia sauti nene, ya kukwaruza, kama mlango uliokaa siku nyingi bila kufunguliwa. Hakuijua mara moja. Kisha ikaja tena, ikaja na nyingine.

Alitoka. Fomeni alikuwa amesimama mbele ya magogo, sikio moja juu, jingine chini, anabweka. Munyoki alikuwa amerudi nje na kulishika geti kwa mikono miwili.

"Shemeji, mfunge mbwa wenu niingie."

"Huyu hafungwi, shemeji," alisema Nthoki. "Piga hodi, nije nikupokee."

Munyoki akapiga hodi. Nthoki akamwita Fomeni kwa jina, naye akanyamaza, akaja kusimama kando ya mguu wake. Maingi alikuwa mlangoni na gazeti mkononi. Alimwambia ndugu yake kwamba wabebe vinyago tu. Magogo yatabaki hapa hapa. Kisha akaingia ndani, akachukua kile kikapu, akakitundika kwenye msumari.

Kabla ya kuondoka alitoa kitu kutoka chini ya gunia. Kilikuwa bakuli pana la mti wa mwembe, lenye kitako kizito ili lisipinduke. Akalijaza maji, akaliweka kivulini. Fomeni akanywa.

Nthoki alipitisha kidole kwenye ukingo wa bakuli. Lilikuwa kavu, la rangi ya mti mtupu. Maingi hakuwahi kutoa kazi mikononi mwake bila kuipaka mafuta.

"Litapasuka hili," alimwambia.

"Litapasuka," alisema Maingi. "Nitachonga jingine."