Tajiri Ana Miguu Miwili Tu

Kila asubuhi karakana ya viatu ilinuka gundi na ngozi mpya. Mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Soli, alipita katikati ya mafundi akiwatania. Viatu vyao viliuzwa na dada yake katika duka la ng'ambo ya barabara.

Siku moja Soli akapunguza mishahara. "Hali ngumu, jamani," aliwaambia mafundi.

Hali haikuwa ngumu. Alitaka gari.

Mwenye kiwanda cha sabuni na mwenye kinu cha unga walipoona hivyo, nao wakafuata nyayo zake.

Gari likaja. Wateja wakapotea. Viatu vikarundikana dukani hadi darini.

"Dada, siku hizi huuzi, au unalala tu?" Soli alifoka.

"Nimuuzie nani, kaka?" Dada alionyesha nje. Wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni walikuwa wakipita, kandambili zao zimefungwa kwa waya. "Hao ndio wanunuzi wetu, na nyinyi mmewakausha. Ng'ombe hamumlishi, maziwa mnayataka! Wewe una miguu miwili tu. Utavaa pea ngapi? Fedha ikirundikana kwa mtu mmoja, inalala. Ikiwafikia wengi, inatembea: kwa muuza unga, kwangu, mpaka kwako. Uchumi hukua hivyo."

Soli aliinama. "Na binamu yetu, mkata ngozi, mbona haonekani?"

"Amehama. Ada ilimshinda, binti yake akaacha shule. Binti yule yule aliyekuwa akikuchorea mitindo ya viatu."

Soli aliuza gari. Alirudisha mishahara, akaongeza na kidogo. Kisha akawaendea wenzake wa sabuni na unga. Kwanza walimcheka. Lakini maghala yao nayo yalikuwa yamejaa, wakamsikiliza.

Polepole wanunuzi wakarudi. Karakana ikaajiri mafundi wapya.

Ndipo Soli akafunga safari hadi kwa binamu yake. Alimkuta yule binti uani, mwanawe mgongoni, akifua nguo za watu.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Rudi shule, mwanangu. Ada nitalipa mimi."

Binti alikamua shati, akalianika. "Asante, baba. Ungekuja wakati ule."



Soli aliporudi, duka lilikuwa limejaa. Wazazi walikuwa wakiwajaribishia watoto viatu, huku dada akihangaika kutafuta chenji.

"Hamna mtindo mpya?" mama mmoja aliuliza.

"Hatuna," Soli alijibu, akageuza uso.