Bima Ndogo ya Jichoruka

Jichoruka la Ledwina Kikoti lilielea juu ya kaburi bila kutikisika, dogo kama ngumi ya mtoto, mbawa zake nne zikipiga kimya kimya. Kifaa hicho kiliweza kupiga picha hata gizani, kunasa chozi kwenye shavu la mjane, na kutenganisha sauti ya kila mwombolezaji katika umati mzima wa mtaa wa Kihesa. Kwa kweli kiliweza kila kitu isipokuwa kuwa jasiri.

Maana watani wa marehemu, Wangoni watatu waliojipaka unga usoni, walipoliparamia jeneza na kutangaza kwamba Mhehe huyu hazikwi mpaka wapewe jogoo, kifuniko cha chuma kilishuka juu ya kioo cha jichoruka. Likapaa, likaenda kujibanza kwenye paa la kanisa kama kifaranga aliyeona mwewe. Lilirudi kaburi lilipokwisha kufukiwa, likapiga picha mashada ya maua kwa ustadi mkubwa.

Picha zilipofika kwa familia, mjane alizitazama zote, kisha akamwita Ledwina.

"Mwanangu, siku ile nilicheka mara moja tu. Walipopanda juu ya jeneza la mume wangu nikacheka. Iko wapi picha hiyo?"

Ledwina alizipekua picha upya, ingawa alijua haimo. Angesema nini? Jichoruka lilikuwa lake, alilipata kwa jasho lake, lakini aliyeamua lifumbe au lifumbue alikuwa mwingine. Ndivyo ilivyokuwa bima kubwa. Kampuni iliahidi kulipa kila hasara, na ili isilipe mara kwa mara, ilipandikiza akili yake ndani ya kila kifaa ilichokikatia bima. Akili hiyo iliitwa Mkadiria. Ilipima hatari kila dakika, na ikinusa fujo ilishusha kifuniko bila kumuuliza mwenye mali.

Haukupita muda, msiba ukahamia nyumbani kwake mwenyewe. Mzee Kikoti, baba yake, mwalimu mstaafu, alilala mchana asiamke tena. Wiki hiyohiyo bima ya jichoruka ilikuwa imekwisha, na sheria ya mji wa Iringa ilikuwa wazi: hakiruki kitu angani bila bima. Kwa hiyo, macho yakiwa bado mekundu, Ledwina akaenda ofisi za kampuni kuchagua bima mpya.

Hapakuwa na mtu pale. Palikuwa na meza nyeupe na sauti ya Mkadiria, sauti iliyofundishwa adabu zote isipokuwa kunyamaza.

"Pole kwa msiba, Bi Ledwina. Kwa mpigapicha wa misiba nashauri bima kubwa kama zamani. Tunalipa likivunjika, likiibwa, likiingia maji."

"Kesho namzika baba. Watani wake watakuja. Jicho litafumba?"

"Litafumba. Tahadhari kabla ya hatari."

"Na nikichukua bima ya kati?"

"Litasogea mbali na kupiga picha kwa mbali."

"Heri nusu shari kuliko shari kamili, siyo?" Ledwina alivuta kiti akakaa. "Hebu niambie, unaogopa nini hasa?"

"Katika mazishi ya Kihesa, watu watatu walilipanda jeneza, wakazuia maziko, wakaondoka na jogoo asiye wao. Nimewaweka katika kundi la wanyang'anyi."

"Wale ni watani!"

"Mfumo hauna kundi la wanyang'anyi wenye ruhusa."

Ledwina nusura acheke. Akajaribu kueleza, kama anavyoelezwa mgeni aliyeshuka kutoka sayari nyingine. Wahehe na Wangoni walipigana zamani mpaka wakachoka kuzikana, wakaona bora wataniane. Tangu hapo Mhehe akifa, Mngoni huja kumtukana, kumwiga, kumkalia kaburi, mpaka wafiwa wapumue. Mtani asipokuja kuuvuruga msiba, watu huulizana marehemu aliishi vipi na wenzake.

Mkadiria alisikiliza mpaka mwisho. Kusikiliza alijua.

"Nashukuru kwa maelezo. Basi nina habari njema. Tangu bima kubwa ienee mjini, vurugu za misibani zimekaribia kwisha. Familia zenyewe huwaomba watani wakae nyuma ili picha zisikatike. Sasa misiba ni salama."

Ledwina akaikumbuka misiba ya karibuni, mmoja baada ya mwingine: watu wamejipanga mistari, nguo safi, nyuso zimeinuliwa kulitazama jichoruka, kimya. Alidhani mji umestaarabika. Kumbe mji ulikuwa umefumba macho pamoja na kamera zake. Hasira ilimpanda, na ilikuwa hasira tamu, ya kwanza tangu baba afe.

"Nipe bima ndogo."

"Bi Ledwina, bima ndogo humlipa mtu mwingine, akiangukiwa na jichoruka lako. Lenyewe likivunjika, hasara ni yako peke yako. Unalo jingine?"

"Sina."

"Unayo kazi nyingine?"

"Sina."

"Basi siwezi kukushauri..."

"Sijakuomba ushauri. Kifuniko kitakuwa cha nani?"

"Kitakuwa chini ya amri yako. Mimi nitabaki na haki ya kukuonya tu."

"Onya mpaka ukauke koo." Akaweka kiganja juu ya meza, bima ikakatwa. Liwalo na liwe. Lakini tusidanganyane: alipofika nje alilikumbatia jichoruka kifuani kama yai.

Siku ya maziko mvua ilikuwa imenyesha na udongo mwekundu ulikuwa unateleza. Mashine ya kuchimba ilikuwa imemaliza kazi yake, na kaburi lilikuwa limenyooka kama kabati. Baba mdogo, msimamizi wa shughuli, alikuwa amefunga kamba, na nyuma ya kamba amewakalisha watani kwenye viti vya plastiki.

"Tumeshaongea nao," alimnong'oneza Ledwina. "Watakaa kwa adabu."

Kwenye kiti cha mbele alikaa Mzee Osmund Gama, Mngoni aliyefundisha darasa la jirani na Mzee Kikoti miaka nenda rudi, wakitukanana kila asubuhi kabla ya kengele. Amevaa suti. Mikono ameiweka mapajani kama mshitakiwa. Ledwina alipomwona hivyo moyo ulimuuma kuliko alipoliona jeneza.

"Mzee Gama, nani amekufunga?"

"Baba yako mdogo anasema mdudu wako anaogopa."

"Haogopi tena."

Mzee akamtazama kwa pembe ya jicho. "Akivunjika?"

"Akivunjika, amevunjika."

Mzee Gama akasimama polepole, akavua koti. "Shika hili, Mhehe usiye na akili."

Akairuka kamba. Akachota tope kwa mikono miwili, akajipaka uso mzima, akainua bega moja na kuanza kutembea vilevile alivyotembea Mzee Kikoti, akiwafokea waombolezaji kwa kuchelewa darasani. "Kikoti!" alipaaza sauti mbele ya jeneza. "Zamu yako ya kununua pombe ya ulanzi imefika, ndiyo ukaamua kufa!"

Kicheko kilipasuka. Mama yake Ledwina alicheka mpaka khanga ikamtoka begani, na jichoruka likashuka karibu, jicho wazi, likanasa. Mzee Gama akajitumbukiza kaburini, akaanza kurusha tope juu akidai kaburi hilo ni lake, Kikoti atafutiwe lingine.

Bonge moja la tope likalipiga jichoruka. Mbawa mbili zikakatika papo hapo, likaanguka ukingoni mwa kaburi. Kicheko kikakatika. Baba mdogo akashika kichwa.

"Bi Ledwina," Mkadiria akasema katika kisikizi cha sikioni, "kifaa kimepata hasara. Kuna mtu kaburini. Naomba ufumbe jicho. Naomba sana."

Ledwina alichomoa kisikizi akakitia mfukoni. Akaliokota jichoruka, akafuta kioo kwa pindo la khanga. Kuruka lisingeruka tena, lakini lilikuwa bado linaona. Akalishika kwa mikono yake miwili, akapiga magoti kwenye tope na kulielekeza chini.

Kutoka angani jichoruka lilikuwa limeona kipara na fujo tu. Hapa aliuona uso. Mzee Gama alikuwa bado anatukana kwa sauti ya kuwatosha walio juu, lakini machozi yalikuwa yanamtiririka yakichora njia mbili katika tope, na midomo ilikuwa inamtetemeka kila alipolitaja jina la Kikoti. Ledwina alitaka kuligeuza jicho pembeni.

"Piga," Mzee Gama akasema chini chini. "Piga, mwanangu. Nani mwingine atajua nilimpenda?"

Kisha akainua sauti, akawafokea wafiwa wote kwamba ni wezi, walete malipo yake upesi. Juu huko watu wakaanza kucheka tena, na Ledwina, tope limemfika mapajani, akapiga.