Leso ya Njano Juu ya Mabati

Ifahamike, kwa heshima zote, kwamba mapenzi haya yalianza kwa mtu kukanyaga machungwa. Musembi, mwanafunzi wa urubani, alishuka basi pale Kambu akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi hadi likatisha. Macho yalikuwa mawinguni. Kiatu kikaingia kwenye beseni la Kasiva, muuza machungwa wa sokoni.

"Wee rubani!" Kasiva alifoka, mkono kiunoni, leso ya njano ikimteleza begani. "Juu unaona, chini huoni?"

"Pole, dada. Nitayalipia yote."

"Utayalipia na utayala. Hapa hapa, nikikuona."

Akala manane. La tisa alimenyewa, na aliyemmenyea alikuwa anacheka.

Wakawekeana mpango. Kila Jumanne saa nne, zamu ya Musembi ya mazoezi ilipita juu ya Kambu. Kasiva alitandaza leso yake juu ya paa la mabati, na ile ndege ndogo ikatikisa mabawa mara mbili. Soko zima lilijua maana yake, pamoja na mchungaji wa kanisa, ambaye kila mara alishikwa na kikohozi.

Jumanne moja ya Agosti leso ilikuwa juu, ndege ikaja. Ikapita imenyooka kama rula, ikaelekea Kitui.

"Labda amepata leso nyingine huko mbele, bibi harusi," alichokoza Kanini, muuza ndizi wa pembeni.

Kasiva aliionyesha ndege ngumi. Akapiga simu. Mteja hapatikani. Akaandika, "Tumeachana. Kaoe mawingu," kisha akaizima simu kwa hasira, kana kwamba ndiyo iliyokosa.

Hakutulia. Alipanga machungwa, akayapangua, akayapanga tena. Saa nane Kanini aliongeza sauti ya redio, na papo hapo akatamani asingeiongeza. Ndege ya mafunzo ilikuwa imeanguka ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui. Mwalimu na mwanafunzi wake wamefariki. Majina hayakutajwa.

Kasiva aliwasha simu. Alipiga mara arobaini. Hakuna aliyetania tena Kambu siku hiyo.

Kesho yake mchana pikapu ilisimama kando ya barabara. Nyuma yake walisimama mbuzi watatu, na katikati yao Musembi, shati limegeuka kahawia, meno yote nje.

"Mpenzi! Hawa ni wa ntheo, wa kukuposa. Nimewatoa Nuu, kwa baba. Nawafikisha kwenu wiki hii, uwe wangu mbele ya wazee. Usininunie, simu iliisha chaji nikiwa..."

Kasiva alimrukia. Akampiga kifuani, akamkumbatia, akampiga tena.

"Uko hai! Uko hai, mjinga wewe!"

"Kwani ulitaka nife?"

"Musembi. Jana ndege ilipita. Nani alikuwa ndani?"

"Kyule, rafiki yangu. Nilimwomba anishikie zamu, niende kuchagua mbuzi." Akajipiga paji la uso. "Lo! Sikumwambia habari ya leso. Ndiyo maana umekasirika?"

Kasiva alimshika mikono yote miwili, akamweleza. Musembi akaketi chini kwenye vumbi, kando ya beseni, asijue pa kuweka miguu. Mbuzi dume aliruka kutoka kwenye pikapu, akavuta chungwa, akalitafuna. Hakuna aliyemfukuza.

"Nilimwonyesha ngumi," Kasiva akanong'ona. "Nilidhani ni wewe."

"Kyule angecheka sana." Lakini yeye mwenyewe alishindwa kucheka. "Ilikuwa zamu yangu, Kasiva."

"Najua."

"Mamake nitamwambia nini?"

"Tutaenda pamoja. Ukikwama, nitasema mimi."

"Na hawa mbuzi?"

"Watangoja mpaka tumzike."

"Na mimi?"

Kasiva alivua leso ya njano, akamfuta vumbi usoni.

"Wewe pia utangoja. Lakini utangojea hapa hapa, nikikuona."